UZI: Wayahudi wa Kenya, kutoka nyanda za Uasin Gishu hadi kona ya University Way

Mpekuzi wa Jalada

Wanajamvi, salaam.

Kila mjadala kuhusu Israeli unapofunguliwa humu jamvini, hazipiti kurasa mbili kabla mtu hajaandika kwamba "Wayahudi walipewa Uganda wakaikataa". Madai hayo yana makosa mawili. Ardhi iliyokuwa ikizungumziwa haiko Uganda, na hakuna aliyewahi kukabidhiwa hata ekari moja. Hata hivyo kinachonisumbua zaidi ni kwamba hadithi hiyo ya nchi ambayo haikutokea imewafunika kabisa Wayahudi waliokuja kweli, wakaishi Nairobi, wakafanya biashara, wakazika wafu wao na kujenga nyumba ya sala. Mimi mwenyewe nilisoma chuo hatua chache kutoka sinagogi hilo, nikapita mbele ya lango lake miaka minne mizima bila kujiuliza hata mara moja ni nani walioweka matofali yale.

Tuanze na huo mpango, kwa sababu bila kuuondoa njiani hatutawaona watu wenyewe.

Mwishoni mwa mwaka 1902 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alipanda treni kutoka Mombasa kuelekea bara. Reli ilikuwa imefika Nairobi mwaka 1899 na ziwani mwishoni mwa 1901, na ilikuwa imegharimu mamilioni ya pauni ambayo walipa kodi wa Uingereza walikuwa bado wanayalalamikia. Reli bila mizigo ni hasara, na mizigo haiji bila wakulima wanaouza nje. Chamberlain alipoona nyanda zenye baridi pande zote mbili za njia, aliandika katika kumbukumbu zake za safari kwamba mahali kama hapo pangemfaa Theodor Herzl, kiongozi wa harakati za Kizayuni za kuwatafutia Wayahudi nchi yao, kama angekubali kuhamishia juhudi zake Afrika Mashariki. Basi tusidhani kwamba wazo hilo lilizaliwa kwa huruma tupu. Reli ilikuwa inatafuta abiria.

Huruma ilikuja baadaye kidogo, na ilikuwa na sababu. Mwezi Aprili 1903, katika mji wa Kishinev uliokuwa chini ya mfalme wa Urusi, Wayahudi wapatao 49 waliuawa na mamia ya nyumba na maduka yao kuvunjwa kwa siku mbili hivi, huku walinda usalama wakichelewa kuingilia kati. Herzl, aliyekuwa akibisha kila mlango bila kufunguliwa, aliamua kulichukua wazo la Waingereza kwa uzito. Tarehe 14 Agosti 1903 ikatoka barua rasmi ya wizara ya mambo ya nje, iliyotiwa sahihi na Sir Clement Hill, ikisema kwamba serikali ingekuwa tayari kufikiria kutenga eneo kwa ajili ya makazi ya Kiyahudi yenye utawala wake wa ndani chini ya Uingereza. Soma vizuri hapo: "kuwa tayari kufikiria". Ndiyo maana nasema hakuna aliyepewa kitu.

Eneo lililokuja kutajwa ni nyanda za Uasin Gishu, kilomita za mraba 13,000 hivi. Hadi tarehe 1 Aprili 1902 mpaka wa Uganda ulikuwa ukifika hadi upande wa Naivasha, kisha jimbo lake lote la mashariki likahamishiwa kwenye himaya ambayo leo ni Kenya. Barua ilipoandikwa, Uasin Gishu ilikuwa imeshatoka Uganda mwaka mmoja na ushei, lakini jina la zamani likaganda midomoni na limeganda mpaka leo.

Pendekezo hilo nusura liuvunje mkutano wa Wazayuni uliofanyika Basel mwezi huo huo wa Agosti. Kura 295 zilikubali ipelekwe tume ya kuikagua ardhi na 178 zilikataa, na wajumbe wengi kutoka Urusi wakatoka ukumbini, baadhi wakiketi sakafuni na kulia kama watu waliofiwa. Waliokataa hawakuwa wale waliokaa salama London au Vienna. Walikuwa wale wale ambao mauaji yalikuwa yakiwakabili, pamoja na wajumbe wa Kishinev yenyewe. Max Nordau, msaidizi wa Herzl, alijaribu kuwatuliza kwa kusema kwamba Afrika Mashariki ingekuwa malazi ya usiku tu, pahali pa kujihifadhi wakati safari inaendelea. Mwezi Desemba, katika sherehe huko Paris, kijana mmoja alimfyatulia risasi mbili akipiga kelele kwamba afe Nordau, Mwafrika Mashariki. Zilimkosa.

Mzee wa Sisibo

Ndugu Mpekuzi, ahsante kwa kufungua uzi huu, ila mimi niliyezaliwa huku huku Uasin Gishu siwezi kunyamaza. Katika maelezo yako yote umemtaja waziri, Herzl, Nordau na wajumbe wa Basel, na hujamtaja hata mtu mmoja aliyekuwa akichunga ng'ombe juu ya nyanda hizo. Waingereza walipenda kuandika kwamba ardhi ilikuwa tupu. Ilionekana tupu kwa sababu Wamaasai wa Uasin Gishu walikuwa wamevunjwa nguvu katika vita vya karne ya 19, na Wanandi wakawa wanaitumia kwa malisho bila kujenga vijiji vya kudumu kila mahali. Yale mashimo ya Wasirikwa ambayo watoto huku bado wanachezea ndani yake ni mabaki ya maboma ya mifugo ya watu waliotangulia wote hao. Ardhi yenye historia ya namna hiyo haiitwi tupu.

Zaidi ya hayo, wakati wakubwa wanaandikiana barua, Wanandi walikuwa vitani na Waingereza tangu 1895 wakiongozwa na Orkoiyot (kiongozi wao wa kiroho) Koitalel arap Samoei. Aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905 na Richard Meinertzhagen, katika kile kilichoitwa mkutano wa kutafuta amani. Huyo Meinertzhagen ndiye aliyekuja kuwa mmoja wa maofisa wa Kiingereza waliowaunga mkono Wazayuni kwa nguvu zote baada ya vita vya kwanza vya dunia. Nimeona nilitaje kwa sababu linahusu pande zote mbili za uzi wako.

Mpekuzi wa Jalada

Mzee wangu, shikamoo, na nakubali kosa. Hata waliopinga mpango kwa sauti kubwa zaidi hapa nchini hawakupinga kwa ajili ya Wanandi. Walowezi wa Kizungu wakiongozwa na Lord Delamere walifanya mikutano Nairobi na kupeleka simu ya maandishi kwenye gazeti la London wakilalamika kwamba ardhi nzuri kando ya reli isitolewe kwa wageni maskini wa Kiyahudi. Walijiona wenyewe kuwa wenye nchi, ilhali wengi wao hawakuwa na hata miaka mitatu tangu washuke melini.

Tume ilifika Mombasa Januari 1905. Herzl alikuwa ameshafariki Julai 1904, akiwa na miaka 44. Walikuwa watu watatu: Meja Alfred St. Hill Gibbons, mgunduzi wa Kiingereza. Alfred Kaiser, Mswisi. Na Nahum Wilbusch, mhandisi Myahudi kutoka Urusi, ambaye ndiye Mzayuni pekee kati yao. Walikaa juu ya nyanda wiki chache tu, na taarifa zao zilipishana. Gibbons alikuwa na matumaini kiasi, Kaiser alisitasita, na Wilbusch akahitimisha kwa maneno yanayofanana na methali: mahali pasipo na kitu, hapawezi kufanyika kitu. Binafsi naamini Wilbusch aliondoka kwao akiwa na jibu lake mfukoni. Mtu anayeitazama Uasin Gishu, ambayo leo ni ghala la mahindi na ngano la nchi nzima, akaona kwamba haiwezi kulisha watu, huyo hakuja kuangalia udongo.

Mkutano wa Basel wa 1905 ukalikataa pendekezo moja kwa moja. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1908, familia 47 hivi za Makaburu kutoka Afrika Kusini zilipanda na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe hadi nyanda hizo hizo, na shamba namba 64 likawa kituo, ndipo likatokea hilo jina la Sisibo (kutoka "sixty-four" ya Kiingereza), yaani Eldoret ya leo, ambalo Mzee analitumia hapa.

Sasa twende mjini, ambako ndiko kwenye historia yenyewe.

Myahudi wa kwanza anayejulikana kufanya biashara Nairobi ni J. Marcus, aliyehamia kutoka India mwaka 1899, reli ilipofika. Baada yake walikuja mmoja mmoja, wengi wakiwa na asili ya Lithuania na Urusi na wakipitia Afrika Kusini. Hawakuletwa na mpango wowote, ingawa wapo waliovutwa na uvumi wake. Mmoja wao ni Abraham Block, aliyezaliwa Lithuania na kufika mwaka 1903. Inasimuliwa kwamba alipokosa mtaji wa maana alitazama majani yaliyokuwa yakikatwa na kutupwa, akayakausha, akanunua kitambaa kigumu na kushona magodoro, na kwamba hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa mwishoni mwa 1904, ilikuwa miongoni mwa wateja wake. Mwaka 1927 aliinunua hoteli hiyo. Miaka 20 baadaye aliongeza New Stanley, na wanawe, Jack na Tubby, wakaikuza biashara ya familia hadi jina la Block likawa sawa na neno hoteli kwa watalii waliokuja Kenya.

Jumuiya yenyewe ilijipanga rasmi kama jamaa ya sala mwaka 1904, ikiwa na watu wanaohesabika. Sheria ya dini yao inataka wanaume wazima 10 ili sala ya pamoja isomwe kikamilifu, na katika mji ule wa mabati, ambapo huyu yuko shambani Kiambu na yule amesafiri na mizigo, kupata 10 siku ya Sabato halikuwa jambo jepesi. Hata hivyo mwaka 1912 waliweka jiwe la msingi la sinagogi, na wakati huo jumuiya nzima ilikuwa familia 20 hivi. Jengo lililopo sasa, penye makutano ya University Way na Uhuru Highway, lilichukua nafasi ya lile la kwanza katikati ya miaka ya 1950.

Binti Mvita

Naomba kuuliza, kaka Mpekuzi. Katika Kenya ya mkoloni kila mtu alikuwa na fungu lake: Mzungu, Mhindi, Mwarabu, Mwafrika. Hawa waliwekwa wapi? Sisi huku pwani tulizoea kusikia kwamba Myahudi ni mtu wa Mashariki, jamaa wa Mwarabu kwa Nabii Ibrahimu.

Mpekuzi wa Jalada

Swali lako, dada, ndilo kiini cha jambo. Kisheria waliwekwa fungu la Wazungu, na fungu hilo lilikuwa na manufaa makubwa: waliweza kumiliki ardhi katika Nyanda za Juu ambazo Mwafrika na Mhindi walizuiwa kuzinunua, walipiga kura za Wazungu, na watoto wao walikwenda shule za Wazungu. Kijamii mambo yalikuwa mengine. Zilikuwepo klabu za walowezi ambazo Myahudi, hata awe tajiri kiasi gani, hakuruhusiwa kuwa mwanachama wake. Mtu alilala kwenye kitanda cha Block na kula mezani pa Block, kisha jioni akaenda klabuni ambako Block asingepita mlangoni.

Sitaki kuwapamba lakini. Wengi wao waliishi ndani ya utaratibu ule wa rangi na kunufaika nao, na sijaona ushahidi kwamba jumuiya kama jumuiya iliusemea vibaya. Walikuwa wachache, walijua jinsi walivyokubaliwa nusu nusu, na mwenye kukaribishwa nusu huwa mwangalifu asiinue sauti. Israel Somen aliwahi kuwa meya wa Nairobi kati ya 1955 na 1957, yaani wakati wa Hali ya Hatari ya vita vya Mau Mau, mji ukiwa umetoka tu kufagiliwa Wakikuyu kwa maelfu katika operesheni ya 1954. Historia ya Wayahudi wa Kenya inabidi isomwe pamoja na hilo.

Kipindi kilichowaongeza ni kile cha Hitler. Kuanzia 1933, na hasa baada ya usiku wa tarehe 9 Novemba 1938 ambapo masinagogi yalichomwa Ujerumani nzima, familia za mawakili, madaktari na wafanyabiashara zilitafuta nchi yoyote yenye mlango wazi. Kenya ilikuwa na mlango mwembamba. Walowezi walirudia manung'uniko yale yale ya 1903, na serikali ikataka mwenye kuingia awe na dhamana ya fedha au kazi inayomsubiri. Jumuiya ndogo ya Nairobi ndiyo iliyochanga, ikadhamini na kuwatafutia kazi mashambani. Ndivyo wakili wa Ujerumani aliyezoea mahakama alivyojikuta msimamizi wa shamba la pareto au ng'ombe, akijifunza Kiswahili kutoka kwa mpishi na wachungaji kabla ya kukijua Kiingereza vizuri, na watoto wake wakikizungumza kumpita.

Vita vilipoanza Septemba 1939, wakimbizi hao wakageuka maadui kwa karatasi. Walikuwa na pasipoti za Ujerumani, na karani hakuwa na fungu la "Mjerumani anayewindwa na Ujerumani". Wanaume walikusanywa mashambani na kupelekwa kambini. Wake na watoto, kwa kuwa serikali haikuwa imeandaa pa kuwaweka, walilazwa kwa muda Norfolk na New Stanley, wanawake waliokuwa wakihesabu senti ya chumvi wakihudumiwa na wapishi wenye kofia ndefu nyeupe. Baadaye waliachiliwa, na baadhi ya wanaume hao hao wakavaa sare za jeshi la Uingereza. Vita vilipokwisha, Wayahudi wa Kenya walikuwa wamezidi 1,000, idadi ambayo haikukaa muda mrefu.

Mwenyeji wa Gilgil

Mpekuzi, usituruke. Wazee wetu huku walitueleza kwamba kulikuwa na Wayahudi waliofungwa Gilgil, na kwamba walichimba shimo wakatoroka. Ni kweli, au ni hadithi za vijiweni?

Mpekuzi wa Jalada

Ni kweli, ingawa hao hawakuwa wa jumuiya ya Nairobi. Walikuwa wanachama, au watuhumiwa, wa Irgun na Lehi, vikundi vilivyokuwa vikipigana na Waingereza kwa silaha huko Palestina. Mwezi Oktoba 1944 Waingereza waliwachukua watu 251 kutoka magereza yao, wakawapakia ndege na kuwapeleka Eritrea, bila kesi na bila hukumu. Walihamishiwa Sudan kwa muda, wakarudishwa Eritrea, na kwa kuwa hawakuacha kutoroka, mwaka 1947 wakaletwa Gilgil, mbali na kila bandari. Yitzhak Shamir, aliyekuja kuwa waziri mkuu, hakuonja Gilgil kwa sababu aliwahi kutoroka Eritrea Januari mwaka huo.

Gilgil nayo haikuwaweka wote. Yaakov Meridor, aliyekuwa ameshatoroka na kukamatwa mara kadhaa, aliondoka yeye na wenzake wachache mwishoni mwa Machi 1948, wakapita Uganda hadi Kongo ya Wabelgiji na hatimaye Ulaya. Waliobaki walirudishwa kwao Julai 1948, Israeli ikiwa imetangazwa miezi miwili kabla. Kambi hiyo ilikuwa kama chuo: Meir Shamgar, aliyesoma sheria kwa posta akiwa kifungoni, alikuja kuwa rais wa Mahakama ya Juu ya Israeli kuanzia 1983 hadi 1995, Shmuel Tamir alikuwa waziri wa sheria, na Meridor mwenyewe alikuwa waziri. Miaka minne baada ya wao kuondoka, serikali ile ile ya ukoloni ilianza kuwaweka maelfu ya Waafrika kizuizini bila kesi. Utaratibu ulikuwa umeshazoeleka.

Baada ya vita wengi walianza kuondoka, wengine kwenda Israeli, wengine Uingereza na Marekani, na uhuru wa 1963 ulipokaribia wakapungua tena. Waliokaa walichukua uraia na kuendelea na shughuli zao. Kenya ilivunja uhusiano na Israeli mwaka 1973 na kuurudisha rasmi 1988, lakini jumuiya ya Nairobi haikufungiwa milango katika miaka hiyo yote 15. Kilichowapata ni kile cha tarehe 31 Desemba 1980: bomu lililipuka Norfolk watu wakiwa kwenye karamu ya mwaka mpya, likaua watu wapatao 20 na kujeruhi makumi. Wengi walilihusisha na ndege za Israeli zilizotua Nairobi kuongeza mafuta zikirejea kutoka kuokoa mateka Entebbe, Uganda, Julai 1976, na wakaamini kwamba hoteli ilichaguliwa kwa sababu ya jina la mwenyewe.

Kijana wa Mbale

Wakuu, na sisi Abayudaya, Waafrika wa Mbale, Uganda, tulioshika dini ya Kiyahudi? Wageni wengi wanaokuja kwetu hudhani kwamba tumetokana na huo mpango wa 1903.

Mpekuzi wa Jalada

Hapana, ndugu yangu, na wewe unalijua kuliko mimi. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewapigania Waingereza kisha akaona wamemnyima cheo alichotarajia, alifika kwenye dini hiyo mwaka 1919 kwa kuisoma Biblia mwenyewe na kuamua kwamba tohara na Sabato ni amri ambazo hazijafutwa. Mwaka uliofuata ndipo alipokutana na Myahudi aliyeitwa Yosefu, akafundishwa kalenda na uchinjaji. Wayahudi wa Nairobi na Wayahudi wa Mbale waliishi nchi jirani kwa miongo mingi karibu bila kufahamiana, na nadhani umbali wa rangi ulichangia kuliko umbali wa barabara. Ninyi mnastahili uzi wenu, na itapendeza ukiufungua wewe.

Binti Mvita

Swali la mwisho, kaka. Wamebaki wangapi, na je, mtu asiye wa dini yao anaweza kuingia pale?

Mpekuzi wa Jalada

Wamebaki mia chache, dada, na kati yao wamo Waisraeli wengi wanaokuja kwa kazi na kuondoka mikataba inapokwisha. Familia za zamani zinahesabika. Kuingia inawezekana, ila si kwa kubisha hodi. Mimi niliandika barua mapema, nikasubiri jibu, na siku ya miadi nikakaguliwa kitambulisho na begi langoni kabla ya kuruhusiwa kupita. Ndani, bustani ni tulivu kiasi kwamba unasahau makelele ya matatu ya Uhuru Highway, yaliyo nyuma ya ukuta tu. Wanaume hupewa kofia ndogo ya kufunika kichwa. Aliyenitembeza aliniomba radhi kwamba jioni ile huenda sala isisomwe yote, kwa sababu mpaka saa kumi na moja na nusu walikuwa wamefika wanaume wanane.